Zamu ya Sungura

3 Machi

Mama,
Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila roho inaniuma.

Hapa kwenye kampuni yetu ya programu za kompyuta wameleta sungura wa kitambaa. Kwenye kikao, asiyemshika hasemi. Bosi anatuita "watoto wangu", na ukifanya vizuri anakubandika nyota ya karatasi kifuani. Mimi, na mvi zangu!

Leo nimeona kosa kwenye programu ya zahanati, ile ya kupima dozi kwa uzito. Inaruka nukta. Mtoto wa kilo saba na nusu anapewa dawa ya mtu wa kilo sabini na tano. Nikanyoosha mkono, bosi akatabasamu, eti sungura hajanifikia. Baadaye nikamfuata, akanipigapiga bega na kuniambia nisijichoshe, wakubwa wameshaangalia. Itaanza kutumika mwisho wa mwezi. Nikipiga kelele watanifukuza, na kazi hii unajua nilivyoihangaikia.

Kifungua mimba wako

9 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Goti linalalamika, tumeshazoeana.

Nimecheka, kisha nikakasirika. Sungura huyo namjua! Nilikuwa naye miaka yote ya kufundisha chekechea, wangu alikuwa na sikio moja. Ni wa watoto wa miaka minne, wasigombanie kusema. Lakini siku moshi ulipofuka darasani, kitoto kimoja kitundu kilipiga yowe bila sungura mkononi. Sikukiuliza zamu. Tulikimbia wote, tukapona.

Wewe ni mtu mzima, sikuamulii. Ila wakikufukuza, kitanda chako kipo.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Barua hujibu, simu hupokei. Chakula hakipiti. Niandikie hata neno moja.

Mama

6 Aprili

Mama,
Shikamoo, na unisamehe. Niliona aibu kukwambia yaliyotokea.

Nilisema. Sungura alikuwa kwa mwenzangu wa meza ya jirani, nami nikasimama tu. Bosi akasema, "Tungoje zamu, mwanangu." Nikamjibu, "Mimi si mwanao. Mama yangu yupo, na hata yeye hanisemeshi hivyo." Nikawaonyesha ile nukta kwenye skrini. Yule mwenzangu akamweka sungura chini ya meza, akasema na yeye aliiona, alikuwa anangoja zamu. Programu ikasimamishwa papo hapo.

Kesho yake nikapewa barua ya karipio kwa sababu ya lugha yangu. Jioni bosi akaniletea nyota, safari hii ya dhahabu. Mama, ile nyota iliniudhi kuliko karipio. Nimeviacha vyote mezani, na kazi pia.

Naja Jumamosi. Kitanda bado kipo?

Kifungua mimba wako

8 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Kipo, nimeshatandika.

Siku ile ya moshi huikumbuki, ulikuwa mdogo mno. Kile kitoto kitundu kilikuwa wewe. Sikukwambia mapema, nisije nikakusukuma.

Mama yako