Mke Wangu Mkandaji Hajui Goti Langu Limechomwa Sindano

Mpendwa shangazi mshauri, naomba uniokoe kabla sijaadhirika. Mimi ni fundi wa kuezeka mapaa na mke wangu ni mkandaji, mkono wake unasifiwa mtaa mzima, ila goti langu lililoteguka kwenye ngazi limemshinda kwa miaka, wateja wakaanza kumtania eti mganga hajigangi, akacheka nao halafu akaja kulia jikoni, basi nikaenda kwa siri kwa daktari anayechoma sindano za maji ya sukari kwenye kano zilizolegea, akasema patavimba na uvimbe huo ndio utakaouamsha mwili ujitengeneze, kwa hiyo nisinywe dawa za kutuliza uvimbe wala goti lisikandwe mpaka aseme yeye. Sasa mke wangu kuona uvimbe akapasha mafuta, “Lete goti, baba, leo nalimaliza,” nami badala ya kusema nikanyoosha mguu nikang'ata mto, na kila jioni ni hivyo hivyo, goti linazidi kulegea, daktari ananiuliza nalifanyia nini nyumbani namjibu silifanyii kitu. Juzi juu ya paa mguu ulinisaliti nikabaki nimening'inia kwenye boriti, mwenzangu akanivuta kwa mkanda wa suruali. Nampenda mke wangu, shangazi. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza nitavunjika shingo.

Fundi wa Mapaa

Fundi, pole kwa maumivu, na pole yangu inaishia hapo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umewapita, unaficha hata matibabu! Unamdanganya mke, unamdanganya daktari, kisha unapanda juu ya paa. Halafu unadhani mtu anayesoma misuli kwa vidole hajahisi kwamba unamficha kitu?

Leo, kabla hajapasha mafuta, mwambie. Atanuna, mwache anune. Kesho nendeni wote kwa daktari, mweleze kwamba goti limekuwa likikandwa, na mumuulize bila aibu kama sindano hizo zinakufaa, maana haziponyi kila mtu. Goti likiwa jekundu na la moto, au ukishikwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Juu ya paa usipande mpaka uruhusiwe.

Unasema unamlinda mkeo. Wateja watamcheka kidogo, watachoka. Lakini ukianguka, ataambiwa kwamba goti lile halikutakiwa kukandwa, naye ndiye aliyekuwa akilikanda, na wewe hutakuwepo kumwambia kwamba kosa lilikuwa lako.