Yule Anayecheka Sana

Dar es Salaam,
12 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Loveness, na kwamba goti limepunguza maumivu. Mimi sijambo, ila joto la huku linatuchosha.

Nakuandikia kwa sababu simu huipendi. Kwenye bahasha kuna flashi. Ichomeke nyuma ya televisheni, Loveness atakuonyesha. Ina filamu za katuni tulizoziwekea sauti za Kiswahili hapa kazini. Kwenye moja kuna malkia wa msituni anayeongea kwa upole. Sauti yake ni yangu. Usimwambie mwanangu, nataka nijue kama atanitambua.

Habari kubwa ni kwamba kampuni sasa inatengeneza filamu yake yenyewe, na kuandika hadithi nimepewa mimi. Inamhusu msichana wa mlimani. Korongoni kuna dubwana ambalo kijiji kizima kinaliogopa, na kijijini kuna mtu mcheshi, mtanashati, anayependwa na kila mtu. Mwishoni inajulikana kwamba dubwana ndilo rafiki na yule mcheshi ndiye adui. Bosi wetu, Jesse, anasema ndivyo katuni za watoto zinavyokwenda siku hizi, ili mtoto ajifunze kutomhukumu mtu kwa sura. Nami naona ni funzo zuri. Sisi tulipokuwa wadogo tulimkimbia Mzee Ebenezeri kwa sababu tu uso wake uliungua, na hakuna mtu mzima aliyetukataza.

Niandikie Loveness amezionaje.

Mwanao,
Flavia


Uru,
5 Machi 2023

Mwanangu Flavia,

Marahaba. Hatujambo. Goti ni lile lile, limekuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mvua bado hazijaanza, lakini migomba inavumilia.

Filamu zako tumeziona zote, na nyingine tumezirudia mpaka nimeshika maneno. Sauti yako mtoto hakuitambua. Alisema yule malkia anaongea vizuri mno, kwa hiyo atakuwa mbaya. Na kweli akawa mbaya. Siku hizi mtu akitokea tu kwenye kioo, Loveness anatoa hukumu: "Babu, huyu anacheka sana. Ndiye." Mpaka sasa hajakosea.

Jambo moja limenifurahisha. Jumapili tulipotoka kanisani alimfuata Ebenezeri, akamwamkia. Mzee alishtuka kuliko mtoto. Sasa akitoka shule hupitia kwake kule karibu na korongo, na mzee humpa kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi. Ebenezeri ninayemjua mimi hajawahi kumpa mtu hata maji ya kunawa. Loveness ananiambia, "Babu, wenye sura ya kutisha ndio marafiki." Basi hilo funzo lako si la bure.

Tumepata pia bwana mifugo mpya, kijana wa Machame, jina lake Wilson. Anapita kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba, na pikipiki, akipandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu anazibeba kwenye mtungi wenye baridi kali. Akiufungua, unatoa moshi mweupe unaotambaa chini kama ukungu. Ni mcheshi mno, anatania hata waliofiwa. Loveness alipouona ule mtungi alijificha nyuma ya mlango. Nikamwuliza ana nini. "Babu, huyu ndiye." Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kula vizuri. Dar isikusahaulishe mtori.

Baba yako,
Filemon


Dar es Salaam,
26 Machi 2023

Baba,

Shikamoo, na poleni na kusubiri mvua. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu, wakaipenda sana. Eti malkia anaongea vizuri mno! Jesse alicheka mpaka akaomba nirudie. Na ule mtungi, Baba, nimeuchukua. Adui wa hadithi yangu sasa anatembea na mtungi unaotoa moshi mweupe unaotambaa chini, na ndani yake anaficha sauti za watu aliowadanganya. Mchoraji ameshauchora. Unatisha, lakini una uzuri wake.

Kama kuna mengine ya huyo Wilson, niandikie. Anavaaje? Anatembeaje?

Mbusu Loveness. Mwambie mama yake anajivunia alivyomwamkia Mzee Ebenezeri.

Mwanao,
Flavia


Uru,
21 Mei 2023

Mwanangu,

Marahaba. Afya zetu si mbaya. Mvua zimekuja, na njia ya kushuka mjini imekuwa utelezi mtupu.

Umeniuliza habari za Wilson. Zipo, lakini sijui kama ndizo unazozitaka.

Mwezi uliopita ng'ombe wa Magreth, jirani yetu wa chini, alitupa mimba. Haikupita muda, wa nyumba ya pili akatupa. Kabla ya hapo watoto wakisikia tu pikipiki ya Wilson walikuwa wanakimbilia migombani wakipiga kelele, "Mtungi! Mtungi!" Tulidhani ni mchezo. Mchezo wenyewe ulianzishwa na Loveness. Aliwaambia wenzake shuleni kwamba bwana mifugo ni adui aliyejificha, na kwamba ndani ya mtungi kuna kitu. Ng'ombe walipoanza kutupa mimba, watu wazima wakakumbuka maneno ya watoto. Magreth alisema pale tunapopeleka maziwa, "Mtoto huona tusichokiona sisi," na hakuna aliyembishia.

Wilson alituambia mimba hizo haziharibiki bure, tukubali ng'ombe wote wapimwe damu. Magreth akamjibu mbele ya watu, "Unataka kutibu ulichokileta mwenyewe?" Kijana akacheka. Si kwa dharau. Nadhani hakujua afanye nini kingine na uso wake. Lakini kicheko kile kilimharibia.

Wiki hiyo hiyo alikuja kwangu, maana nilikuwa nimemwita kabla ya maneno haya. Ng'ombe wetu alikuwa tayari kupandishwa. Nilimpokea getini.

"Shikamoo mzee. Nimefika."

"Marahaba. Leo haitawezekana, nina safari."

Akanitazama miguuni. "Mzee, umevaa kandambili."

Akacheka, akawasha pikipiki, akaondoka. Nami nilisimama pale nikijiuliza kwa nini huyu mtu anacheka kila wakati. Sijawahi kujiuliza hivyo juu ya mtu yeyote. Kesho yake nilimpeleka ng'ombe kwa dume la Ebenezeri. Wengi wamefanya hivyo.

Wilson havai chochote cha ajabu. Koti la mvua na mabuti.

Baba yako,
Filemon


Dar es Salaam,
11 Juni 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Barua yako haikunichekesha. Tafadhali mkalishe Loveness umwambie filamu ni hadithi ya kutunga, na kwamba mtu kucheka si kosa. Na wewe zungumza na Magreth, wewe anakusikiliza. Ningekuja mwenyewe, lakini tunaanza kurekodi sauti na siwezi kuomba ruhusa sasa.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Flavia


Dar es Salaam,
15 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama, samahani kwa kuchelewa kuandika. Goti lako lisisahau dawa ya kuchua niliyoiacha juu ya kabati, na Loveness asiache vidonge vyake hata akijisikia mzima. Daktari alisisitiza: mpaka viishe.

Barua yangu ya Juni hukuijibu, na nilipokuja Agosti baada ya simu yako ya homa ya Loveness hatukuwa na nafasi ya kuisema. Pale hospitalini mjini tulikuwa tunatazama kipimajoto tu. Homa inapanda, inashuka, tunashukuru, jioni inapanda tena. Dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili. Mtoto anashika magoti analia kama kikongwe. Mpaka yule daktari wa kike alipomwuliza, "Unakunywa maziwa ya wapi?" na Loveness akajibu, "Ya rafiki yangu." Wewe ulikuwa umetoka kununua uji. Nilikuwa peke yangu niliposikia hilo neno brusela, na nilipoelezwa kwamba ugonjwa huo ndio huohuo unaotupisha ng'ombe mimba.

Nimeambiwa na Magreth mwenyewe, siku ninaondoka, kwamba walipopima damu ya ng'ombe walikuta chanzo ni dume la Mzee Ebenezeri, na kwamba ng'ombe wake yeye Magreth na yule wa nyumba ya pili walikuwa wamepandishwa na dume hilo kabla Wilson hajafika Uru. Alinieleza akiwa anaosha ndoo, bila kuniangalia. Nikamwuliza Wilson yuko wapi. Akasema alishaomba kuhamishwa, tangu siku alipokuta tairi zote mbili za pikipiki zimechanwa.

Baba, sina ugomvi na Mzee Ebenezeri. Alimpa mwanangu kitu bora alichokuwa nacho, na hakujua. Loveness hakukosea kumwona ni mtu mwema. Ndicho kinachonitatiza. Katika hadithi zangu, ukishamjua nani mwema, umeshapona.

Nilimwendea Jesse, nikamwomba tubadilishe mwisho, yule mcheshi asiwe adui. Alinisikiliza, hakunikatiza.

"Flavia, watoto wanapenda kushtuka mwishoni."

"Hawashtuki, Jesse. Wanajua tangu anapotokea. Wangu alijua hata kwa sauti yangu."

"Basi watafurahi kwamba wamejua."

Hakukubali. Michoro mingi imekamilika na sauti zimerekodiwa. Nilichopata ni kimoja: mtungi umeondolewa. Sasa amebeba fimbo tu, kama maadui wote. Mchoraji hajanisemesha tangu siku hiyo.

Bado naandika hapa. Sijui kwa muda gani.

Mwanao,
Flavia


Uru,
3 Desemba 2023

Mwanangu Flavia,

Marahaba. Loveness amemaliza vidonge, na jana alipanda mti wa parachichi, akashuka kwa kuteleza, akachanika gauni. Nadhani hiyo inatosha kukueleza afya yake. Ng'ombe wetu alipatikana na ugonjwa, ameondolewa pamoja na wale wengine. Banda nimelifagia.

Barua yako ya Juni niliisoma. Sikuijibu kwa sababu uliniagiza nizungumze na Magreth, na mimi nilikuwa nafikiri kama Magreth.

Dume la Ebenezeri walilichinja mwezi wa kumi, wakalifukia. Alilisindikiza mwenyewe akiwa ameshika kamba, hakutaka mtu mwingine alishike. Baadaye alikuja hapa na mkungu wa ndizi, akasimama getini bila kubisha hodi. Mtoto ndiye aliyemwona. Nilimwambia aingie, akaingia, tukakaa. Alikaa mpaka jua likashuka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Machame. Nilimwomba Magreth tufuatane, akasema ana mgeni. Nikaenda na Loveness. Kabla ya kuondoka nilikata jani la isale, lile la kuombea msamaha, pale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo kama baba yangu alivyonifundisha. Sikuwahi kulitumia maishani mwangu. Watu wa umri wangu ndio wanaoletewa.

Wilson alikuwa kwao, ameketi kwenye benchi nje ya nyumba ya mama yake, anapiga soli kiatu. Aliponiona hakucheka. Aliniamkia vizuri, akaleta kiti. Nilimweleza yote, tangu mchezo wa watoto hadi zile kandambili. Kisha nikampa jani.

Alilitazama lile fundo.

"Mzee, umenifunga," akasema. "Isale halikataliwi."

Akalipokea kwa mikono miwili. Nikamwomba arudi Uru, nikamwambia mimi mwenyewe nitapita naye nyumba kwa nyumba.

"Nimewasamehe," akasema. "Wote, na yule mama. Lakini kurudi, hapana. Nikipita pale nitakuwa nafikiria namna ninavyocheka. Mtu hawezi kufanya kazi hivyo."

Nilipewa nilichokwenda kukiomba, na nilichokitaka hakikuwemo.

Loveness alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilikuwa nimemfundisha maneno ya kuomba radhi tangu tukiwa njiani, na aliyasema, haraka haraka, akiangalia chini. Wilson akaweka kiatu pembeni.

"Haya. Na sasa unanionaje? Mimi ni mtu mzuri au mbaya?"

Nilitaka kumjibia. Nilijua atasema "mzuri," kwa sababu ndivyo mtoto anavyosema akiwa ametoka kuomba radhi, na nilijua kijana yule angelipokea neno hilo kama alivyolipokea jani, kwa sababu halikataliwi. Lakini Loveness aliinua uso, akamwangalia. Alimwangalia sana, Flavia, bila haraka, mpaka mimi nikaona aibu.

"Sijui," akasema.

Wilson akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye benchi. Loveness akakaa.

Baba yako,
Filemon