Samaki za Mti za Baba

Kamina, 1952

Kwako mudogo wangu Kitwa, Mulongo,

Miye niko muzima, ninanona, na hapa gare ya treni bote bananiita Monsieur. Bibi yangu Mathilde anakusalimia.

Lakini weye, uko na kichwa ao boga? Mujomba Umba aliniambia ulizika baba pamoja na samaki zake zote za mti, zile alichonga, zile tulikuwa tunakokota nyuma ya mutumbwi kwa kudanganya samaki ya meno ifwate, tuichome mukuki. Eti desturi! Desturi ni kuzika moja tu, zingine zinabakia kwa batoto, mupumbavu! Batoto betu batachonga kwa kufwata nini?

Nilijaribu kuchonga moja. Niliitia mu maji ya beseni ya Mathilde; ililala bubavu kama mulevi.

Panda mashua mpaka Bukama, kisha treni. Leta mikono ile baba alifundisha kuchonga. Miye, baba alinifundisha kusema tu.

Mukubwa yako,
Edmond