Sura Yangu ya Plasta Isishushwe Ukutani

Mshauri wa gazeti letu, mimi sikuombi unifundishe, nimekula chumvi nyingi kuliko wewe, naomba tu useme mbele za wasomaji kwamba niko sahihi ili mjukuu wangu Ristin asome anyamaze. Mimi ni Heaika, Msami, mwenyeji wa huku milimani kaskazini mwa Ulaya, mfugaji wa kulungu wa theluji, shule niliacha mapema kwa sababu kulungu hawasomi, lakini kamba nikiirusha haikosi pembe, ulizia. Sasa, nilipokuwa kijana walikuja wakubwa wa chuo kikuu kutoka kusini na chuma cha kupimia vichwa, wakapima kijiji kizima, wengine waliwapitia harakaharaka, ila mimi profesa alinishika kidevu akaita wenzake akasema, huyu ndiye kielelezo, wakanipaka plasta usoni napumua kwa mirija, ilipokauka wakaibandua, wakaondoka na sura yangu, na mpaka leo imetundikwa kwenye ukumbi wa chuo, na nani mwingine kijijini ana sura chuo kikuu, hata kasisi hana. Watoto wangu niliwalea nikiwaambia, fuateni kielelezo.

Tatizo ni huyu Ristin, anasoma chuo hichohicho, yeye na wenzake wamepiga kelele mpaka wakuu wamekubali kuzishusha sura zote na kufanya hafla ya kuomba radhi, nami nimealikwa. Nikamwambia nitasimama niseme yangu isiguswe. Akasema, "Babu, unajua kielelezo maana yake nini pale?"

"Mtu wa kuigwa."

"Maana yake mdudu aliyechomwa pini ili achunguzwe. Walikuwa wanapanga watu kwa damu, nani wa juu, nani wa chini, nani heri asizae. Wakakuona wewe ndiye wa chini hasa."

Nikamwambia, "Wivu huo, wewe pua umechukua ya mama yako." Hakucheka. Amesema nikiisifu ile plasta hatakuja tena kutia alama ndama, ile tunayowakata masikioni ijulikane ni wa nani, na ndiye pekee aliyebaki wa kurithi alama yangu, na msimu huu kweli tumewakata ndama masikio bila yeye. Sasa mwambie. Wale wa chuo wana adabu zao, wananilipia treni, na wameomba nikae kando ya sura yangu wanipige picha, ya mbele na ya ubavu, ya kumbukumbu.

Heaika, Kielelezo

JIBU

Mzee Heaika, hilo sitalisema. Kamba yako naamini haikosi, lakini safari hii imekukamata mwenyewe. Aibu si yako. Kijana aliambiwa neno tamu na mtu mwenye koti safi, nani asingefurahi? Hata chuo kilifurahi, kikazitundika sura za watu kama mapambo, na sasa kinataka kuzishusha asubuhi, kinywe kahawa, na kufikia chakula cha mchana kiwe kimeshasahau.

Wewe ni bingwa wa masikio ya ndama. Ndama mwenye alama yako ni wa nani? Wako. Basi mimi nimefika kwenye ukumbi ule. Chini ya sura yako pana muhuri wa chuo na maneno haya: "Mwanamume, aina ya mlimani." Heaika hayumo. Miaka yote umetembea kifua mbele, sikioni una alama ya mtu mwingine. Na huyo unayemwita mwenye wivu ndiye mtu wa kwanza kwenda pale kuulizia jina lako.

Mpigie simu leo, na usianze na habari za pua. Mwombe mwende pamoja. Wakiomba radhi usiwajibu "hamna neno", maana neno lipo. Wasiache ukuta mtupu, waandike pale nani alipima, alitaka nini, na majina yenu nyote. Sura yako ichukue, toa kisu, ikate sikio kwa alama yako mbele yao, kisha mpe Ristin aibebe.

Na hiyo picha ya mbele na ya ubavu, mzee wangu, ndivyo wapima vichwa walivyowapiga picha safari ile. Mpiga picha akikuambia geuka kidogo, usigeuke.