Moshi wa Jiko Langu

Mama Gervas, leo nimeaibika shuleni kwa kina Auleria, mjukuu wangu. Mbele ya wazazi wote!

Mwalimu alikuwa anafundisha kutunza mazingira na kujaliana. Akauliza, "Nyumbani nani anachoma plastiki?" Auleria akasimama: "Bibi yangu. Anawashiaga jiko kwa mifuko kila asubuhi, akishamaliza rozari."

Akishamaliza rozari! Hata hilo hakuliacha.

Nikadhani ataishia hapo. Wapi! Akamshika mkono Polikarpo, yule mtoto wa jirani mwenye pumu. "Moshi wote unaenda kwao. Mwenzetu anakohoa mpaka hachezi na sisi."

Polikarpo, mama! Ambaye kila Jumamosi jumuiyani mie ndiye ninayemwombea kifua chake, tena kwa sauti.

Mama yake alikaa nyuma yangu. Nikageuka kumwomba radhi, akacheka: "Tulijua, Bibi Auleria. Tuliona haya kukwambia, unavyomwombea mtoto."

Waliona haya. Mwaka mzima wanameza moshi wangu na kuitikia amina.

Kesho nawashia vifuu vya nazi. Na wewe acha kucheka, hiyo mifuko si unaniletea wewe?