Upande Mbaya wa Blanketi

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisubiri marahaba, maana hata ulipokuwa hai uliniitikia ukiangalia pembeni. Nakuandikia kwa sababu nimejifungua mtoto wa kiume, na dada yako alitaka nimpe jina lako.

Unazikumbuka Jumapili zetu pale nyumbani Tabora? Walimu wenzako walikuja baada ya ibada, Mama akapika wali na kuku, akaweka na asali aliyoletewa na kaka yake kutoka Sikonge. Mkishashiba ulianza Kiingereza chako. Ulikuwa na misemo ya Waingereza kwa kila jambo, na ile ya kuzaliwa uliipenda kuliko yote. Mwanafunzi wa kitajiri alizaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Aliyekuletea uongo ulimwambia hukuzaliwa jana. Zamu yangu ilipofika ulininyooshea kidole chenye mafuta ya kuku, ukasema mimi nimezaliwa upande mbaya wa blanketi. Wenzako walicheka kwa aibu, wakainamia sahani. Mama naye alicheka. Kiingereza hakukijua, alidhani unanisifu.

"Baba yako amesemaje?" aliniuliza tukiosha vyombo.

"Amesema kuku mtamu."

Nilikuwa sijui, nilibuni tu ili afurahi. Nilikuja kujua kidato cha pili, darasani kwako. Uliuandika msemo ule ubaoni, ukaeleza bila haraka kwamba ni mtoto ambaye mama yake amempata nje ya ndoa. Kisha ukanisimamisha nitunge sentensi. Darasa zima lilijua mimi ni mwanao. Nilitunga, ukanisahihisha nukta, ukaniambia nikae.

Kosa langu lilikuwa kuzaliwa njiti. Ulirudi kutoka chuoni, nami nikafika kabla miezi tisa haijatimia tangu urudi, basi ukakataa kuamini kuwa mimi ni wako. Mkunga alikueleza, dada yako alikueleza, hukusikia la mtu. Mama amekufa akikupigia pasi mashati, na sikuwahi kumwambia maana ya msemo ule.

Ulipokufa nilifurahi, Baba. Msibani nililia kwa kuwa watu walikuwa wananitazama.

Sasa huyu mwanangu alianza kulia tangu kitovu kilipodondoka. Zahanati hawakumwona na ugonjwa wowote. Shangazi akaja, akamtazama, akasema, "Huyu analilia jina, mwanangu. Kuna mtu wetu anataka kuitwa." Mambo hayo unayajua, uliyaita ushamba. Mtoto anapakatwa, yanatajwa majina ya marehemu wa ukoo, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Shangazi alimtaja babu yenu, mtoto akalia. Akamtaja kaka yenu aliyefia Usoke, akazidi kulia. Ndipo Shangazi akakutaja wewe, "Maganga."

Mtoto alinyamaza, Baba. Alifumbua macho, akatulia kabisa. Shangazi akapiga vigelegele.

Nilikuwa nimempakata mimi; nikapitisha mkono ndani ya khanga, nikamfinya paja kwa kucha.

Alipiga ukelele nyumba nzima ikasikia. "Unaona, Shangazi," nikasema, "hilo halitaki." Akalirudia jina lako, nami nikarudia kufinya. Mwishowe alikubali. Machozi yalimtoka, kwa sababu huna mtoto mwingine, na baada yangu hakuna atakayekuita. Mtoto nikampa jina la mjomba, mrina asali wa Sikonge. Nilimsindikiza dada yako mpaka barabarani nikicheka moyoni. Ilikuwa raha, sikudanganyi.

Jioni nilipomwogesha niliona paja limevilia damu, na kucha zangu zimechora pale pale. Aliniangalia na macho yake yamevimba. Nilichowaza kwanza ni kwamba jina lako limekwisha. Ndipo nikamkumbuka Mama na kuku wake, anavyocheka pamoja na wageni. Nimemuumiza asiyejua kitu, mbele za watu, kwa kisasi kisichomhusu, na nikasikia raha.

Maisha yako yote ulitaka ushahidi. Sura yako sina, wala urefu wako. Lakini roho hii Mama hakuwa nayo, na kwao Sikonge sijamwona mwenye nayo. Niliyemwona nayo ni wewe tu.

Blanketi lilikuwa lako, Baba. Lala ukilijua hilo.

Ni mimi,
mwanao wa kumzaa.