Maganda ya Chuma

Jumanne, 9 Mei
Nguruwe pori wamepita tena alfajiri. Safari hii shamba la chini. Wamefuata tuta kwa tuta, wakifukua karanga tulizopanda juzi tu. Emil alikuwa barazani na bunduki yake. Akapiga moja. Ya pili haikutoka — ganda la risasi limenasa ndani. Mkono wake wa kulia haujarudi sawasawa tangu kiharusi, hauna nguvu ya kukoki. Nikavuta mimi, mguu nimeukaza ukutani. Ganda linadondoka, nguruwe wameshavuka kijito. Mume wangu hakunitazama.

Alhamisi, 11 Mei
Imekwama tena. Emil anasema kosa ni la risasi. Ni zile za ganda la chuma, alizojaza stoo enzi zile zilipokuwa rahisi. Za shaba hatuziwezi sasa. Ameipangua bunduki yote juu ya meza ya jikoni, anasugua kwa mkono wa kushoto. Mafuta kila mahali, mpaka kwenye kinyunga changu cha kolache, vile vimkate vya matunda. Alikuwa anapiga mluzi! Sijamsikia akipiga mluzi tangu atoke hospitali.

Jumapili, 14 Mei
Kusafisha hakukusaidia kitu. Baada ya misa jirani yetu, Dwayne Kubala, akaleta risasi chache za shaba tujaribu. Emil akazipiga kwenye ukingo wa bwawa. Zote zikatoka, mfululizo, bila kusita. Akageuka kutuangalia kama bwana harusi.

Dwayne akasema, kwa upole, kwamba yeye na wanawe wanaweza kuja jioni moja wakatumalizia kazi hii ya nguruwe.

"Shamba la Hruska analilinda Hruska," Emil akamjibu, akijipiga kifua.

Dwayne akatazama buti zake. Akaniaga mimi tu.

Jumatano, 17 Mei
Nimeipeleka mjini kwa Royce, fundi bunduki. Kanieleza: ganda la shaba hutanuka likaziba chemba, pale risasi inapokaa, vizuri. La chuma ni gumu, halitanuki vile, kwa hiyo masizi hupenya pembeni na kuganda, na ganda linalofuata linashika. Tena kile kindoano cha kuvutia ganda kimelika. Kaweka kipya na springi yake, kang'arisha chemba. Akapiga risasi zetu zile zile nyuma ya duka, magazini nzima. Safi kabisa.

Njiani nilisimamisha gari nikalia. Sijui kwa nini. Bunduki imepona, nilipaswa kufurahi.

Shamba la chini limekwisha. Mbegu za kurudia hatuna.

Alhamisi, 18 Mei
Nimemwomba Emil nipige mimi, mara moja tu. Kwetu wasichana wote tulifundishwa. Chakula cha jioni hakukigusa.

Jumamosi, 20 Mei
Wamekuja mapema, jua bado lipo. Kundi zima, majike na watoto wao, shamba la juu — lililobaki. Karibu mno, ungewarushia jiwe. Emil akaegemeza mtutu kwenye reli ya baraza. Nikasimama nyuma yake, tayari kuvuta.

Sikuvuta kitu. Ilipiga hadi risasi ya mwisho. Kila ganda liliruka nje lenyewe, likagonga mbao. Hata nguruwe mmoja hakuanguka. Vumbi lilikuwa linatimka mbali kushoto, pasipo na kitu. Na mtutu ulitetemeka tangu mwanzo, niliuona. Nguruwe wakakimbilia vichakani.

Maganda yametapakaa miguuni pa Emil, bado ya moto.

"Bado inakwama," akasema.

Nikayatazama maganda. Nikamtazama yeye. Jasho limemjaa shingoni, jicho moja linachuruzika.

"Ndiyo," nikasema. "Bado."

"Hicho kindoano cha Royce ni takataka."

"Labda."

"Niletee fimbo ya kusafishia, Albina."

Nimemletea. Sasa yuko mezani, ameshaipangua yote, mluzi hakuna. Ananiambia nisogeze taa. Naandika huku nimeishika. Dirishani naliona shamba la juu. Wametoka vichakani, wanashuka tuta kwa tuta, polepole, na wala hawaitazami nyumba.